Matanga bila maiti: kwa nini Waaustralia hukumbuka vita waliyoshindwa

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha kidato cha tatu huku Ikwiriri, Rufiji. Tulipofika Vita Kuu ya Kwanza, mwanafunzi mmoja akasema amesoma kwamba Waaustralia wana sikukuu ya taifa kwa ajili ya vita waliyopigwa vibaya. Akauliza: mtu anasherehekeaje kushindwa? Na huo ujasiri wao unaosifiwa ni wa kweli au ni majigambo? Darasa likacheka, lakini mimi sikuwa na jibu. Naomba pia uniambie kama habari hiyo inatuhusu sisi kwa lolote."

Shikamoo Mwalimu, kama umenizidi umri. Kama sivyo, ipokee tu kwa heshima ya chaki.

Mwanafunzi wako amekwazwa na neno moja, nalo ndilo lenye kosa: kusherehekea. Siku ya Anzac (kifupi cha jina la Kiingereza la jeshi la pamoja la Australia na Nyuzilandi), tarehe 25 Aprili, haianzi kwa ngoma. Inaanza gizani. Watu wanaamka kabla ya jogoo, wanakusanyika kwenye mnara wa mji wao na makoti yao, maana huko Aprili baridi imeshaanza kubisha hodi. Wengine wamechomeka kifuani kijitawi cha rozimari, mmea unaoota wenyewe kwenye vilima vya Gallipoli, ile rasi ya Uturuki walikopigwa. Tarumbeta inalia, watu wananyamaza, tarumbeta inalia tena, kunakucha. Baadaye mchana wanajeshi wastaafu wanaandamana na nishani zao. Jioni ndiyo watu wanaingia baa, na wanacheza kamari ya kurusha sarafu mbili hewani, mchezo ambao sheria huwafumbia jicho siku hiyo kwa sababu askari wa zamani waliupenda. Mtu wa kwetu hawezi kushangaa. Alfajiri kilio, mchana watu wanacheza bao chini ya mwembe. Yale ni matanga, Mwalimu. Tofauti na yetu ni kwamba yamechukua zaidi ya miaka mia moja na bado hayajaanuliwa.

Na sababu ya kutoanuliwa ni kwamba maiti hazikurudi.

Mwaka 1914 Australia ilikuwa na watu wasiofika milioni 5, na shirikisho lao lilikuwa na umri wa miaka 13 tu, kwa kuwa makoloni 6 yaliungana mwaka 1901. Kutoka kwa watu hao wachache, 416,809 waliingia jeshini, na zaidi ya 60,000 wakafa. Uingereza iliamua kwamba askari wote wa himaya wazikwe karibu na walipoangukia, tajiri kwa maskini, bila mtu kusafirishwa kurudi kwao. Kwa mama wa Lancashire, kaburi la Ufaransa lilikuwa ng'ambo ya mlango-bahari mwembamba. Kwa mama wa kijiji cha Queensland lilikuwa mwisho wa safari ya meli ya wiki nyingi, kwa nauli asiyoweza kuiota. Wengi walikufa bila kuliona. Wengine hawakuwa na kaburi la kuliona, kwa sababu mizinga haikuacha kitu cha kuzika.

Basi wakajenga minara. Nenda mji wowote mdogo wa Australia, hata ule wenye duka moja na tangi la maji, utakuta jiwe lenye majina. Lakini soma vizuri: kwenye minara mingi wameandikwa hata waliorudi salama. Nilipoligundua jambo hili nilidhani fundi kakosea. Kumbe maelezo yake yako kwenye siasa. Jeshi la Australia lililopigana ng'ambo katika vita ile lilikuwa la watu wa kujitolea mtupu. Serikali iliwauliza wananchi mara mbili kwa kura ya maoni, Oktoba 1916 na Desemba 1917, kama vijana waandikishwe kwa lazima, na mara zote mbili wananchi wakakataa. Kwa hiyo kila jina kwenye jiwe ni la mtu aliyekwenda mwenyewe. Na ambaye jina lake halipo, mji mzima ulijua kwamba hakwenda. Jiwe lile linaomboleza, linashukuru, na pia linasuta.

Sasa Gallipoli yenyewe. Waingereza na Wafaransa walitaka kufungua mlango-bahari wa Dardanelles, wafike Istanbul, waitoe Dola ya Uthmaniya vitani na kupata njia ya kuwafikia Warusi. Manowari zilijaribu Machi 1915 zikashindwa. Ndipo wakapelekwa askari wa nchi kavu. Alfajiri ya tarehe 25 Aprili, Waaustralia na baadaye siku hiyohiyo Wanyuzilandi wakashushwa kwenye ufuko mwembamba, juu yake genge na makorongo kama makucha. Juu huko akawawahi afisa wa Kituruki aitwaye Mustafa Kemal, ambaye dunia ingekuja kumjua kama Atatürk. Miezi 8 wakakaa wameng'ang'ania ukingo ule, mahandaki mengine yakiwa karibu na ya adui kiasi cha kurushiana mabomu kwa mkono. Kisha wakaondoka bila kupata walichofuata. Waaustralia zaidi ya 8,000 walibaki ardhini.

Wakati huohuo mwambie mwanafunzi wako kwamba Waingereza waliokufa pale walizidi 21,000, Wafaransa kama 10,000, na Waturuki zaidi ya 80,000 wakitetea nchi yao. Ukimsikiliza Mwaustralia wa kawaida unaweza kudhani walikuwa wao na Waturuki tu. Kila mfiwa hulia wake.

Swali la pili: ujasiri ulikuwa wa kweli? Ulikuwa wa kweli. Lakini ujasiri si kitu kimoja, na hapa nitakawia kidogo.

Kuna sehemu inaitwa The Nek, kijia chembamba juu ya kilima, eneo kadiri ya viwanja vitatu vya tenisi. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 1915, askari wa kikosi cha farasi (bila farasi zao, waliachwa Misri) waliamriwa kukimbilia mahandaki ya Waturuki wakiwa na singe tu, bunduki hazina risasi ndani. Mizinga ilipaswa kuwapiga Waturuki mpaka sekunde ya mwisho. Saa za maofisa hazikulingana, na mizinga ikanyamaza dakika 7 mapema. Waturuki wakainuka, wakajipanga, wakasubiri. Mstari wa kwanza, watu 150, ulitoka ukafyekwa ndani ya nusu dakika. Mstari wa pili uliona yote, ukatoka. Afisa mmoja akaenda kuomba amri isitishwe, akakataliwa. Mstari wa tatu ukatoka. Hata sehemu ya mstari wa nne ikatoka, katika vurugu ya amri zisizoeleweka. Walikufa 234, na majeruhi wakiongezwa jumla inafika 372. Ardhi iliyopatikana: hakuna.

Unaweza kuwaita wale vijana wa mstari wa tatu waoga? Huwezi. Ila mimi siwezi pia kulifundisha tukio lile kama mfano mwema. Ule ulikuwa ujasiri wa watoto uliotumiwa vibaya na wakubwa, na ukiwasifu bila kutaja saa zisizolingana umewasaidia waliotoa amri kujificha nyuma ya maiti.

Ujasiri mwingine, ninaoupenda zaidi, ni wa kuondoka. Desemba 1915 iliamuliwa watu watoke. Kutoroka usiku chini ya pua ya adui aliye juu yako ni hatari kuliko kushuka. Makadirio ya makao makuu yalikuwa ya kutisha. Wakaanza kuwazoeza Waturuki ukimya: siku kadhaa hawapigi risasi hata moja, Waturuki wakija kuchungulia wanapigwa, hadi ukimya ukawa jambo la kawaida. Wakafunga buti kwa magunia zisisikike. Askari mmoja kijana, William Scurry, akabuni bunduki ya kujifyatua: kopo la juu lina maji na limetobolewa, linadondoshea kopo la chini lililofungwa kwenye kifyatulio, la chini likijaa, risasi inatoka. Makopo ya chakula tu. Usiku wa mwisho kuamkia tarehe 20 Desemba, watu wanashuka ufukweni kimyakimya, huku nyuma bunduki zisizo na mtu zinapiga moja moja. Maelfu kwa maelfu walitoka, na waliodhurika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Waliobaki mpaka mwisho walijitolea, na wenzao walikuwa wanagombania nafasi hiyo.

Halafu kuna ujasiri wa kumfuata mwenzako. Tarehe 19 Julai 1916 huko Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa, Waaustralia 5,533 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa kwa usiku mmoja. Wenyewe wanasema hawajapata kuwa na usiku mbaya kuliko ule. Siku zilizofuata majeruhi walikuwa wamelala uwandani kati ya mahandaki, wakilia. Sajini Simon Fraser, mkulima wa jimbo la Victoria aliyekuwa mtu mzima tayari, alikuwa miongoni mwa waliotoka kuwachukua. Aliandika barua kueleza kwamba alipokuwa akishughulika na mmoja, sauti ikatoka mbele kidogo: "Usinisahau, mwenzangu." Akarudi, akatafuta watu wanne na machela, wakawaleta wote wawili. Mwaka uliofuata Fraser mwenyewe aliuawa Bullecourt. Leo pale Fromelles kuna sanamu ya mtu aliyembeba mwenzake begani. Hana bunduki mkononi, na hakanyagi adui.

Neno aliloita yule majeruhi, mwenzangu, ndilo kiini cha jeshi lile. Waaustralia wanalitumia kama sisi tunavyotumia "ndugu yangu", kwa mtu yeyote, hata kwa afisa. Maofisa wa Kiingereza walilalamika kwamba askari hawa hawapigi saluti, wana utovu wa nidhamu, na wanalipwa shilingi 6 kwa siku wakati Mwingereza anapata moja. Serikali yao pia ilikataa katakata askari wake wapigwe risasi kwa kutoroka. Zaidi ya 100 walihukumiwa kifo na mahakama za kijeshi, na hakuna hata mmoja aliyeuawa, wakati jeshi la Uingereza liliwapiga risasi watu wake zaidi ya 300. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema askari hawezi kusimama imara bila kuogopa kitanzi nyuma yake. Pozières, kijiji kingine cha Ufaransa, kiangazi kilekile cha 1916, Waaustralia walipoteza watu 23,000 kwa majuma 6 wakiwemo majeruhi, chini ya mizinga mikali ajabu, wakabaki wamesimama.

Nao walishinda pia, usije ukadhani walikuwa wa kupigwa tu. Tarehe 4 Julai 1918 huko Hamel, Jenerali John Monash, mhandisi kwa taaluma, alipanga vifaru, ndege, mizinga na askari wa miguu vifanye kazi pamoja kama vyuma vya ndani ya saa. Alikadiria dakika 90, zikatumika 93. Mwezi uliofuata njia hiyohiyo ilitumika Amiens na Wajerumani wakaanza kurudi nyuma. Mwulize Mwaustralia wa mtaani kuhusu Hamel, wengi watakuna kichwa. Mwulize Gallipoli, atakuambia babu wa babu yake alikuwa pale. Ushindi una mwenyewe kwenye vitabu. Kilio kina wenyewe kila nyumba.

Ndiyo maana hata leo wanatafuta maiti. Karibu na Fromelles, mwaka 2009, lilifukuliwa kaburi la pamoja ambalo Wajerumani waliwazikia watu waliokufa usiku ule. Ikatolewa mifupa ya watu 250. Wataalamu wakachukua vinasaba kwa wajukuu na vitukuu huko Australia, na zaidi ya 150 wakapata majina yao. Vilevile mwaka 1993 walimleta Canberra, mji mkuu wao, askari mmoja asiyejulikana kutoka makaburi ya Ufaransa, wakamzika upya tarehe 11 Novemba. Mzee Robert Comb, aliyepigana Ufaransa ujanani, akanyunyiza juu ya jeneza udongo wa Pozières na kusema maneno ambayo hayakuwa kwenye ratiba: "Sasa umefika nyumbani, mwenzangu." Hapo kuna kusherehekea kushindwa, kweli?

Usiwape wanafunzi asali tupu lakini. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Desemba 1918, huko Palestina, askari wa Nyuzilandi na Australia walivamia kijiji cha Surafend kulipiza kisasi cha mwenzao mmoja, wakaua Waarabu makumi. Na mwaka 2020 uchunguzi wa jeshi lenyewe la Australia ulitangaza kwamba kuna taarifa za kuaminika za mauaji haramu ya watu 39 nchini Afghanistan, mikononi mwa askari wao wa vikosi maalumu. Ile roho ya mwenzangu kwa mwenzangu inayomtoa mtu handakini kufuata majeruhi, ndiyo hiyohiyo inayoweza kumfunga mtu mdomo mwenzake akitenda uovu.

Jihadhari na ngano pia. Kuna Simpson, mbeba majeruhi wa Gallipoli aliyetumia punda, ambaye watoto wa Australia wanamjua kabla hawajajua kuandika. Aliishi kweli, alikuwa na punda kweli, aliuawa tarehe 19 Mei 1915. Ila alizaliwa Uingereza, alikuwa baharia aliyetoroka meli, na ile hesabu ya watu 300 aliowaokoa haina ushahidi. Na yale maneno matamu yaliyochongwa kwenye jiwe pale Gallipoli, yanayodaiwa kuwa ya Atatürk akiwafariji akina mama wa waliokufa, ushahidi kwamba aliyatamka ni hafifu sana. Ni maneno mazuri, lakini mwalimu wa historia asiyatumie kama nukuu.

Na kuna walioachwa nje ya jiwe. Waaborijino, wenyeji wa asili wa nchi ile, kisheria walizuiwa kuingia jeshini mwaka 1914 kwa kukosa asili ya Kizungu. Hata hivyo wapatao 1,000 waliingia, wengine wakijificha kwa kusema ni wa kabila lingine. Ndani ya mahandaki walilipwa sawa na kuitwa mwenzangu. Waliporudi, serikali ikawagawia ardhi askari wa zamani, na Waaborijino karibu wote wakanyimwa. Ardhi yenyewe ilikuwa ya babu zao.

Hilo linanivusha hadi swali lako la mwisho, na ruhusa nipite Papua kwanza, kaskazini mwa Australia, katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteremka pwani ya kaskazini wakataka kuvuka milima hadi Port Moresby kwa kijia cha Kokoda, kilomita kama 96 za tope na miinuko. Waliowazuia mwanzoni walikuwa vijana wa mgambo, batalioni ya 39, ambao askari wenzao walikuwa wakiwacheka kwa jina la "askari wa chokoleti", eti jua likiwaka watayeyuka. Hawakuyeyuka. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakapigana Isurava mwishoni mwa Agosti bega kwa bega na askari wazoefu waliowafikia, na Novemba 2 Kokoda ikarudi mikononi mwa Waaustralia. Waliokufa ni kama 625, na malaria na kuhara viliwalaza maelfu.

Lakini majeruhi waliwezaje kushuka milima ile? Walibebwa na Wapapua, watu 8 kwa kila machela, wakipokezana, usiku wanamlaza mgonjwa mahali pakavu na wao wanalala kwenye mvua. Waaustralia waliwaita malaika, kwa jina lenye kutania nywele zao, jina ambalo leo linawasha masikio. Wengi wa malaika hao hawakujitolea. Waliandikishwa kwa lazima, wakaacha mashamba na watoto.

Hapo darasa lako litaacha kucheka, maana habari hiyo wanaijua kwa jina lingine. Kariakoo. Soko la Dar es Salaam limepata jina kutokana na lile jeshi la wapagazi la Waingereza, lililobeba vyakula na risasi katika vita ya 1914 hadi 1918 hapa kwetu, na likafa kwa homa na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao.

Waaustralia nao walifika hapo mlipo. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mapema mwaka 1915 ikaja Pioneer, manowari ya Australia ya aina ileile ya Pegasus, kusaidia kuziba milango ya delta isitoke. Miezi ya doria, joto na mbu. Tarehe 6 Julai, meli mbili za Kiingereza zenye kina kifupi zilipoingia mtoni, Pioneer ilikuwa mdomoni inapiga mizinga kwenye ngome za Wajerumani. Tarehe 11 Königsberg ikaisha. Mizinga yake 10 Wajerumani waliitoa kwenye meli, nayo haikutembea yenyewe: ilikokotwa na watu, kwa kamba, kutoka kwenye matope ya delta yenu kwenda kupigana bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Mabaharia wa Pioneer wana orodha yao Canberra, jina na cheo. Waliokokota ile mizinga hawana. Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya kuwapa wanafunzi insha ya Gallipoli, watume kwanza nyumbani kwa mabibi na mababu waulize nani katika ukoo alikokota, alibeba, au aliondoka wakati ule asirudi. Mkipata hata majina matatu, yaandikeni ubaoni kwa herufi kubwa, kisha uniandikie tena.